Gundi ya Mjukuu Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mimi si mtu wa kuandika. Darasa la nne nilifika, la tano nililiona kupitia dirisha. Lakini leo nimeitwa kazini tena, miaka sita tangu waniage kwa keki na saa ya ukutani, na nisipoandika watu watakuja kusema nilijipendekeza. Sikujipendekeza. Niliitwa.

Kiwanda chetu kinatengeneza mabawa ya mitambo ya upepo, ile mirefu inayozunguka huko vilimani ikatoa umeme. Miaka thelathini na miwili kazi yangu ilikuwa kutandika: unalaza kitambaa cha nyuzi za kioo ndani ya kalibu, chombo kinacholipa bawa umbo lake, unakipaka gundi, unakipitishia rola mpaka viputo vyote vitoke, halafu unalaza kingine juu yake. Waliniita Bibi Rola hata kabla sijawa bibi wa mtu. Siku hizi gundi inavutwa kwa pampu, na vijana wa pale wakiona rola wanadhani imeachwa na fundi rangi.

Aliyenitaka ni mjukuu wangu. Ni injinia wa usanifu pale, maana yake yeye anachora mabawa na watu wengine wanatokwa jasho. Nimemlea tangu mama yake, mwanangu wa pekee, alipofariki. Sasa ana gundi yake mpya, aliyoihangaikia miaka mitatu, na amepewa ruhusa ya bawa moja tu la majaribio. Bawa dogo, kwenye kalibu ndogo ya zamani, kwa mkono.

"Bibi, nakuomba," alisema. "Na siyo kwa undugu. Nimepekua vitabu vya ukaguzi vya zamani. Mabawa yako halikurudishwa hata moja."

"Mpaka upekue vitabu? Hujawahi kuniona nikikunja shuka?"

Akacheka. Akanieleza mambo yalivyo. Bawa litapimwa mara mbili: kwanza litapindwa kuona kama litavunjika, kisha kipande chake kitayeyushwa. Likifaulu yote mawili, oda kubwa ijayo itatengenezwa kwa gundi yake. Likishindwa, mradi unafungwa, kalibu inakatwa, na yeye anapelekwa ofisi ya mauzo kuwaonyesha wageni picha.

Mvua imeanza leo saa tisa. Nguo zangu zilikuwa kwenye kamba.

Jumatano, 5 Machi

Tumegombana. Nataka iandikwe kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Nyuma ya nyumba zetu kuna uwanja wanakotupa mabawa yaliyostaafu. Yamekatwa vipande vipande, kila kipande kirefu kuliko lori. Watu wamefanya mengine uzio. Jirani yangu, mama wa mapacha, anaanikia magodoro juu ya kimoja. Jioni nilipita pale na mjukuu wangu, nikamwonyesha bawa moja karibu na mtaro. Shinani mwake kuna alama tatu za dole gumba. Zangu. Kila nililotandika nilikuwa nalibonyeza mara tatu kabla gundi haijashika. Lile ni la mwaka wangu wa pili kazini. Limelala kwenye magugu, zima kama nilivyoliacha.

"Tazama," nikamwambia. "Jua, mvua, miaka yote hiyo. Wewe unaweza kutengeneza kitu kama hiki?"

"Ndiyo tatizo lenyewe, Bibi."

"Nini?"

"Halitaisha. Ukilichoma linatoa moshi mweusi na nyuzi zinabaki. Haliozi. Haliyeyuki. Ukilikata, vumbi lake linaingia vifuani. Kazi ya kuzunguka limefanya miaka ishirini, na kazi ya kulala hapa litafanya mia mbili."

"Kwa hiyo unatengeneza bawa ambalo likizeeka liharibike."

"Ambalo likizeeka lifunguliwe. Nyuzi zitoke safi, zitumike tena."

Nikamwambia mtu mwenye akili hatengenezi kitu huku anafikiria kifo chake. Akanijibu kwamba mtu mwenye akili ndiye anayefikiria. Nikamwambia chakula kiko jikoni, ajipakulie mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao. Nilikalishwa kwa sababu mimi ndiye mtandikaji. Sijawahi kukaa kwenye kiti kinachozunguka, na sitaki tena.

Mkuu wa ununuzi alisema dawa ya zamani ya kugandishia gundi ipo ghalani ya mwaka mzima. "Nikaimwage wapi? Mtoni?" Mama wa vyeti alisema bawa linatakiwa kuthibitishwa kuwa litadumu miaka ishirini na mitano. "Na gundi hii ina umri gani? Miaka mitatu. Haijaanza hata shule." Watu wakacheka. Mteja alikuwa kwenye simu, sauti inakatikakatika. Akauliza nani mwingine ameshaitumia. Mjukuu wangu akasema hakuna, sisi tutakuwa wa kwanza.

"Basi mtupigie mkishakuwa wa pili," mteja akasema.

Meneja ni mtu mpole, ana kalamu mbili mfukoni na hajawahi kupandisha sauti. Alingoja wote wamalize. "Binti, bawa likishatoka getini ni la aliyelinunua. Siku atakayolitupa mimi nitakuwa nimestaafu, na wewe pia. Tengeneza hilo moja tulione. Lakini usininyime usingizi kwa ajili ya takataka za watu wengine."

Nilitikisa kichwa kumkubalia kabla sijajikumbuka. Mjukuu wangu aliniona.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeanza kutandika. Nina wasichana wawili wa zamu, na msimamizi tunayemwita Saa Ngapi kwa sababu hana swali lingine. Ana umri ambao ningeweza kumzaa, na nisingejivunia.

Jumanne, 11 Machi

Tabaka nne. Mgongo.

Jumatano, 12 Machi

Tabaka tano. Mvua imeingia kwa juu, wameweka ndoo. Gundi ya mjukuu wangu ni nyembamba na inatelezea vizuri, lazima niseme kweli. Inapita kwenye kitambaa kama maji kwenye mchanga. Msichana mmoja ana mkono mwepesi. Mwingine anasukuma rola kana kwamba amekosana nayo.

Ijumaa, 14 Machi

Nusu zote mbili za bawa zimekwisha. Jumatatu tunazifunga, moja juu ya nyingine, kwa gundi ya ukingoni. Hapo ndipo bawa linapokuwa bawa. Mjukuu wangu alikuja akapitisha kiganja chake tumboni mwa ile nusu ya chini, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akasema, "Bibi, hakuna kiputo hata kimoja."

Nikamwambia, "Ulitegemea nini, mke mwenzangu?"

Tumerudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Amenishika mkono njia nzima. Sikumwambia aniache.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ngumu, lakini nimeimaliza.

Mjukuu wangu ameshinda ofisi ya vyeti, mjini. Aliacha karatasi ukutani: TUMIA DAWA YA JAGI LA BLUU TU. Tukapaka gundi kingo zote mbili, tukafunga nusu, tukakaza vibano. Hiyo ilikuwa saa mbili asubuhi. Kufika saa nane mchana nimebonyeza pembeni, gundi ilipotokeza: kidole kinaingia. Laini. Hewa yote ilikuwa maji, hata ukuta ulikuwa unatoka jasho.

Saa Ngapi akaja. "Saa ngapi sasa, Bibi Rola? Gundi ya mjukuu imelala? Tuiletee blanketi?"

Wasichana wakacheka, yule wa mkono mwepesi naye. Nikahisi masikio yanawaka. Ukingo usiposhika, nusu zinateleza kidogo, unywele tu, na huo unywele ndio unaolipasua bawa siku ya kupindwa. Nikawa namwona kichwani mjukuu wangu mbele ya watu wale wa viti vinavyozunguka, na bawa limepasuka.

Sasa, sisi wakongwe wa kutandika tuna jambo letu. Siku za mvua gundi inapewa nyongeza. Kifuniko kimoja cha dawa juu ya kipimo, kwa jicho tu, unaona inavyobadilika rangi unaacha. Haimo kwenye karatasi yoyote. Nilifundishwa na aliyenitangulia, na yeye alifundishwa. Mainjinia hatukuwaambia, wangetuandikia barua. Kila mtandikaji anayejiheshimu anajua.

Dawa ya bluu iliyobaki ghalani ilitosha kipimo kimoja tu, bila tone la ziada. Lakini kopo jekundu la dawa ya zamani liko palepale kwenye rafu, yule wa ununuzi hataki liondoke. Tukafungua vibano. Tukakwangua ile laini yote, tukachanganya gundi upya kwa dawa hiyo ya bluu, na mimi nikaipa nyongeza kutoka kopo jekundu. Vifuniko vinne kwa ukingo mzima. Tukafunga tena.

Saa kumi na moja nimegonga kwa kucha. Ikalia kama sahani.

Nikamwita Saa Ngapi. "Njoo na blanketi lako," nikamwambia, "ujifunike aibu." Nilijisikia msichana.

Jumanne, 18 Machi

Mjukuu wangu ameuliza ukingo uliendaje na mvua ile. Nimemwambia vizuri. Uliendaje kweli? Vizuri.

Jumatatu, 24 Machi

Limetoka kwenye kalibu. Lote, kwa mara moja, halikung'ang'ania popote. Jeupe, refu hatua ishirini zangu. Nimelibonyeza, lakini gundi ilishakauka siku nyingi, dole halikuacha alama.

Alhamisi, 3 Aprili

Wamelifunga ukutani kwenye jengo la kupimia, shina limekazwa kwa boliti, na mashine inalipinda juu, chini, juu, chini. Itafanya hivyo usiku na mchana wiki tatu. Mjukuu wangu anaenda kulitazama kabla ya kazi na baada ya kazi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Linapinda.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Linapinda.

Jumapili, 13 Aprili

Leo hakuna kazi. Nilimkuta amekaa uani, amevaa koti langu la zamani la mvua, anatazama ule uwanja wa nyuma.

"Utapata mafua uniachie mimi kazi ya kukuuguza," nikamwambia.

"Bibi, mama alifanya kazi pale miaka mingapi?"

Nimekaa. Sisi hatuzungumzii hilo. Mwanangu hakuwa mtandikaji, mimi nilimkataza. Nilitaka awe karani. Akachukua kazi ya kukata mabawa ya zamani kule uwanjani, kwa msumeno, kwa sababu ukarani hawakumpa. Miaka minne. Barakoa moja kwa wiki. Daktari alisema kifua. Kila mtu alisema kifua, kama vile kifua ni mtu aliyekuja nyumbani akamchukua.

"Minne," nikasema.

"Alikuwa akirudi nywele zote nyeupe kwa vumbi. Nilidhani anazeeka. Nilikuwa na miaka minane, niliogopa kwamba mama yangu anazeeka haraka kuliko mama wa wengine."

Yale mabawa aliyokuwa anayakata, mengine nilitandika mimi. Sijawahi kuliwaza hivyo mpaka leo. Miaka yote nimejisifu kwamba hayavunjiki, na mwanangu ndiye aliyekuwa analipwa kuyavunja.

Jumatano, 16 Aprili

Linapinda.

Jumanne, 22 Aprili

Halikuvunjika!

Wamelipinda mpaka ncha yake ikakaribia dari, halafu wakazidisha, likalia kidogo kama mlango, likarudi. Mpimaji, mtu asiyecheka, alimpa mjukuu wangu mkono. Meneja alikuwepo, alitoa kalamu moja akaandika kitu. Hata mama wa vyeti alisema, "Haya, angalau imeanza shule."

Nyumbani amenibeba. Mimi! Ameninyanyua jikoni nikampiga na mwiko anishushe. Amesema sasa imebaki kuyeyusha tu, na hiyo ndiyo anayoijua kuliko kitu chochote duniani, amefanya mara mia kwenye vikombe.

Jumatatu, 5 Mei

Nimekaa mezani tangu nirudi. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Walikata kipande cha bawa, upana wa mkono wangu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukikitazama kwa ubavu kina umbo la samaki. Katikati ya chumba kuna sufuria kubwa la chuma lenye kioo upande mmoja, ndani yake maji makali, kama siki lakini zaidi, yaliyopashwa moto. Kipande kikatumbukizwa saa tatu asubuhi. Mteja alikuja mwenyewe safari hii, mzee mnene mwenye miwani. Meneja, wa ununuzi, mama wa vyeti. Na mimi, kwenye kiti cha kawaida, nilikiomba.

Saa ya kwanza hakuna kitu. Saa ya pili pembe zikaanza kulegea. Halafu, sijui niliandike vipi, lile bawa likaanza kufunguka. Tabaka la juu likajiinua polepole kama ukurasa. Kisha la pili. Kitambaa changu, nilichokilaza kwa mikono yangu, kikawa kinaelea ndani ya maji, cheupe, laini, kama siku kilipotoka kwenye robota. Mteja akavua miwani akaifuta akaivaa tena. Nilimfikiria mwanangu na msumeno wake.

Mteja akauliza, "Siri yake nini? Gundi?"

"Siyo gundi," mjukuu wangu akasema. Alikuwa anang'aa. "Gundi ni karibu sawa na ile ya zamani. Siri ni dawa ya kugandishia. Ndiyo inayoshika vifundo. Hii yetu ina kifundo kinachofunguka kwenye maji haya. Ile ya zamani kifundo chake hakifunguki milele. Hata kidogo chake kikiingia, basi, pale pameshafungwa."

Nilimsikia. Nadhani nilimsikia kabla hajamaliza. Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa.

Saa saba katikati yote ilikuwa imefunguka. Kingo zilibaki. Mbili, ngumu, za manjano, zimekamata miisho ya vitambaa vyote kama taya la mnyama. Wakaongeza moto. Saa tisa. Saa kumi. Mpimaji akazishika kwa koleo akagonga ukuta wa sufuria. Zililia kama sahani.

"Sehemu hii imekataa," mteja akasema, kwa upole kabisa.

"Sielewi," mjukuu wangu akasema. "Ni dawa ileile. Ni hesabu ileile."

"Kama haifunguki yote, itabidi tukate kingo kwa msumeno," wa ununuzi akasema. "Sasa tumepata faida gani?"

Meneja akafunga faili lake. Hakulifunga kwa nguvu. Akamwambia mjukuu wangu ampe maelezo ndani ya siku kumi kwa nini gundi imemshinda.

Tulirudi kwa miguu. Mvua ilitunyeshea, mwavuli tumeusahau kule, na hakuna aliyerudi kuuchukua.

Jumanne, 6 Mei

Anafanya hesabu. Karatasi zimejaa kitanda. Sikusema.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Sikusema.

Alhamisi, 8 Mei

Amechemsha vipande vya gundi kwenye vikombe sita kazini, vyote vimeyeyuka. Anasema labda ni unyevu wa hewa. Anasema labda tangu mwanzo alijidanganya. Hali chakula. Nilimgombeza kwa sababu ya chakula. Sikusema.

Ijumaa, 9 Mei

Sikusema.

Jumamosi, 10 Mei

Nilitoka mpaka mlangoni kwake. Nikamuuliza kama ana nguo za kufua.

Jumatatu, 12 Mei

Nimesema.

Alikuwa mezani jikoni, mimi namenya viazi. Saa nne asubuhi, ameomba ruhusa asiende kazini amalize maelezo yake. Nilimsikia anasoma kwa sauti ndogo alichoandika: *kosa ni langu, nilikadiria vibaya tabia ya dawa katika hali ya unyevu.* Kisu kikaniponyoka.

"Mke mwenzangu, acha hizo karatasi."

"Subiri Bibi, nimeshaona nilipokosea."

"Hukukosea. Ni mimi."

Nikamwambia. Jagi la bluu, ukingo laini, Saa Ngapi na blanketi lake, kopo jekundu. Sikujitetea, na mimi najua kujitetea.

Hakupiga kelele. Aligeuza karatasi upande usioandikwa. "Kiasi gani?"

"Vifuniko vinne."

"Kwa gundi kilo ngapi?"

"Kwa jicho."

Akaandika *kwa jicho*. Akalipigia mstari lile neno.

"Mara ngapi mmefanya hivyo? Nyinyi wote. Miaka yote."

"Kila mvua."

"Na hakuna aliyewahi kumwambia injinia hata mmoja."

"Siku zote hatukuwaambia mainjinia."

Hapo ndipo aliponitazama. "Na mimi kwako ni injinia, Bibi?"

Niliokota kisu, nikamenya kiazi kilichokwisha kumenywa.

Baadaye akasema, akitazama dirishani, "Niliandika 'tumia la bluu tu'. Sikuandika kwa nini. Nilidhani nikieleza sana mtaniona najifanya."

"Ningekuona unajifanya," nikasema. Ni kweli, ningemwona hivyo.

Jumanne, 13 Mei

Tumeenda kwa Meneja wote wawili. Nilivaa gauni langu la kanisani. Nikasimama nikasema yote tena, sauti juu, na Saa Ngapi alikuwa mlangoni akasikia. Nilidhani nikishasema, mambo yatanyooka. Gundi haina kosa, mtoto hana kosa, mwenye kosa ni huyu hapa kizee mwenye kiburi. Basi litengenezwe bawa lingine.

"Kalibu bado ipo," mjukuu wangu akasema. "Bawa moja tu, Meneja. Wiki sita."

Meneja alifikiri kweli. Sitamsingizia. Akaweka kalamu zake zote mbili mezani, sambamba.

"Binti, ungeniambia hesabu imekosea, ningekupa wiki sita. Hesabu inarekebishika. Lakini umeniletea jambo baya zaidi. Mtandikaji bora tuliyewahi kuwa naye, na bibi yako mwenyewe, ameshindwa kufuata mstari mmoja wa maandishi. Nina watu mia mbili kule chini. Nitamsimamia kila mmoja siku ya mvua? Kifuniko kimoja, na bawa zima halifunguki, na cheti nimeshasaini kwamba linafunguka. Ile ya zamani haina shida hiyo. Ukiikosea, inabaki ileile."

"Basi tuwafundishe."

"Nani analipia mafunzo? Mteja hajaomba bawa linalofunguka. Ameomba bawa linalozunguka. Likishatoka getini..."

Hakumalizia. Alikuwa anasema maneno niliyomtikisia kichwa mwezi wa tatu. Yale yale. Nilitaka kumrukia.

Tulipokuwa tunatoka akaniita. "Bibi Rola. Mpimaji anasema ule ukingo wako ni imara kuliko ukingo wowote waliowahi kupima hapa. Tunahitaji mtu wa kuwafundisha wasichana wa matengenezo kazi ya mkono. Fikiria."

Mjukuu wangu alikuwa ameshika mlango uwe wazi nipite. Alisikia kila neno.

Ijumaa, 23 Mei

Wamekata kalibu ndogo. Imetupwa uwanjani kwetu, vipande vinane. Nayo ni ya nyuzi za kioo na gundi, nayo haitaoza.

Jumatano, 28 Mei

Amekataa ofisi ya mauzo. Amepata kazi mbali, kiwanda cha mabomba ya maji. Nikamuuliza mabomba yana upepo gani ndani yake. Akatabasamu kidogo, kwa heshima. Heshima! Tangu ile siku ya viazi ananiheshimu mpaka nachoka. Hakuninunia hata siku moja. Angeninunia ningejua cha kufanya. Mtu aliyenuna unampikia, unamchokoza, anacheka. Huyu anaosha vyombo, anasema "asante, Bibi", anafunga mlango wake taratibu.

Jumapili, 1 Juni

Ameondoka kwa basi la saa mbili. Mvua imekatika, barabara imeanza kuwa na vumbi. Stendi nilimrekebisha kola, akainama nimrekebishe. Nikamwambia nisamehe, neno ambalo hata marehemu babu yake hakulisikia.

"Nimeshakusamehe, Bibi," akasema. "Siku ileile."

"Basi mbona unaondoka?"

"Kwa sababu siwezi kuendelea kuchora mabawa ya kwenda kulala kule nyuma ya nyumba. Na hapa hayo ndiyo yatakayochorwa."

Nilisimama mpaka basi likapinda kona. Kisha nikasimama tena kidogo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemkubalia Meneja. Alifurahi, akadhani ni sifa zile. Nilimwacha adhani.

Leo nimeanza na wasichana sita. Nimewanyang'anya vifuniko vyote, nikawapa vikombe vyenye mistari. Kila tone linapimwa, linaandikwa, na aliyetia anaweka jina lake. Asubuhi nzima tumepima tu. Walikuwa wananung'unika. Yule wa mkono mwepesi yumo, akainua kikombe chake mbele ya dirisha.

"Bibi Rola, gundi yenyewe ni ya zamani. Hata ukizidisha inabaki ileile. Matone mawili yatadhuru nini?"

Ana haki ya kuuliza. Kwa gundi hii hayadhuru kitu. Mimi mwenyewe ningesema hivyo, na ningecheka.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikawaambia waweke vikombe chini wasikilize. Nilitaka kuanza na kopo jekundu, lakini nikaona hapana, lazima nianze na mjukuu wangu, alikuwa akitaka nini, na kwa sababu ya nani. Nikasema, "Nina mjukuu." Wale wasichana hawakucheka, wala hawakutazamana. Nikaendelea na mama yake na ule msumeno, kisha kopo jekundu.